Mtia Mchanga wa Treni ya Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo mtangazaji wenu nimechanganyikiwa, na wala sifichi.

Tunamkumbuka Mzee Suleiman Shekiondo wa Chang'ombe, Temeke. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye treni ndogo ya zamani, ile ya reli nyembamba inayopandisha watalii milimani kule Tanga. Hapo sote tunakubaliana. Kazi gani? Hapo ndipo penye mzozo.

Nina karatasi mbili za tanzia. Ya familia inasema: dereva wa treni. Ya ofisi ya reli inasema: mtia mchanga. Nikadhani labda marehemu ni wawili. Ni mmoja.

Nikampigia Mzee Kasimiri, mstaafu wa treni hiyohiyo.

"Shikamoo mzee. Dereva alikuwa nani?"

"Marahaba. Dereva mie. Suleiman alikaa mbele kabisa ya injini na pipa lake la mchanga. Mvua ikinyesha reli inateleza, yeye anamwaga mchanga kwa mkono, kidogo kidogo. Akikosea, tunarudi bondeni kinyumenyume na watu wote."

"Mbona Chang'ombe wanamwita Dereva?"

"Hata mie nashangaa. Hakuwa mtu wa uongo yule."

Basi nikaenda msibani, nikamuuliza binti yake Mwanaheri: nisome ipi? Majirani wakadakia, "Soma dereva! Usimvunjie marehemu heshima."

Mwanaheri akanivuta kando. Analia.

"Braza, baba hajawahi kusema yeye dereva. Nilisema mie. Siku ya posa yangu mawifi waliniuliza baba anafanya kazi gani. Nikaona haya, nikasema dereva wa treni. Kumbe baba karudi likizo, yuko barazani, kasikia. Hakunigombeza. Kesho yake mtaa mzima unamwita Dereva, na yeye anaitika. Miaka kumi na tisa anaitika tu."

"Sasa nisome ipi, sista?"

"Ya ofisi. Mume wangu ataisikia redioni. Mie nimejaribu kumwambia tangu jana, mdomo haufunguki."

Haya, shemeji, kama unasikiliza: mkweo alikuwa mtia mchanga. Mzee Suleiman Shekiondo, mtia mchanga wa treni ya mlimani, miaka thelathini. Usimkasirikie mkeo.

Mwanaheri na familia yote, poleni sana. Mungu amlaze mzee wetu pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama wazazi wenu wako hai, waulizeni leo kazi yao ni ipi hasa. Kisha mkaiseme mbele za watu, nao wakisikia.