Alama kwenye Mzinga wa Phiri

Sikilizeni, wanangu. Rwamba, niinue kichwa kidogo. Leo nasema Kiswahili kwa sababu Phiri yuko hapa, na ndiyo lugha tuliyokutana nayo kambini wakati bwawa linajengwa hapa Mbeere, yeye Mmalawi wa kupasua miamba, mimi mbeba saruji.

Siku zile watu walitoka kila upande, na pale sokoni mtu alilala maskini akaamka na redio. Kisha maji yakajaa, kazi ikaisha, malori yakaja kuwachukua wageni. Phiri alikuwa amepanda, ameketi juu ya sanduku lake, nikamwambia shuka. Akashuka. Mpaka leo sijui kwa nini. Roho yangu ilikataa tu aende.

Wazee wakachinja mbuzi kumpokea ukooni, nami nikachonga mzinga wa nyuki, nikautia alama ya ukoo wetu, nikampa. Mnajua alama hiyo haiwekwi kwenye mzinga wa mpangaji. Miti tuliyotundikia mizinga ya kwanza, tukiwa bado kambini, iko chini ya maji sasa, lakini siku hizi nikifumba macho naiona imesimama humo na majani mabichi, nyuki wanaingia na kutoka kana kwamba maji ni hewa, na Phiri yuko juu na moshi wake, kijana, akiimba kwa lugha ya kwao. Ni pazuri huko. Siogopi.

Lakini nasikia, Mwaniki, unamwambia Phiri kazi ya bwawa iliisha, arudi kwao, ndiyo uwauzie watu wa hoteli kipande chake cha shamba kando ya maji. Usikohoe. Miguu ndiyo imekufa, si masikio. Umeniumiza, mwanangu. Kwao ni wapi tena, na waliomjua huko wamezikwa wote?

Ng'ombe ni wa mama yenu. Shamba mgawane vile tulivyokubaliana, cha Phiri kisiguswe. Nikifa, yeye atatupa udongo wa kwanza kaburini, kwa sababu ni ndugu yangu, na siku yake ikifika mumlaze kando yangu.

Nipe maji, Rwamba. Basi, yametosha.

Mwaniki, toka hapo mlangoni, njoo umshike Phiri mkono. Sitakubariki kabla hujamwita vile mtu humwita ndugu ya baba yake. Sema. Sijasikia, mwanangu, sema tena... Eeh. Baba mdogo. Hivyo. Sasa sogeeni wote karibu, Mungu awa... awaweke pamoja... na wewe Phiri, usibaki huko nyuma, sogea...