Mama Demetria na Mlango Wake wa Chanika

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Jumatano, Septemba 11, 1996, ni mama yetu Demetria Nambunga. Alizaliwa Machi 12, 1929, Namajani, Masasi, binti wa mchonga vinyago. Kwa kuzaliwa alimfuata kaka yake Projestus, na watoto wale walipendana mno. Mmoja asipokuwepo, mwenzake hali.

Mwaka 1936 ndui iliingia kijijini. Desturi ya wakati ule, mgonjwa alipelekwa kibandani porini, chakula kikawekwa njiani, aliyekileta akapaza sauti kisha akakimbia. Walipelekwa wote wawili. Demetria alizidiwa kwanza, Projestus akamlisha kwa mkono wake. Demetria akapona, Projestus akafa. Hakuna mtu mzima aliyethubutu kusogea, basi binti wa miaka saba akabaki mle ndani na maiti ya kaka yake, akimsimulia hadithi, mpaka baba yao alipopata moyo wa kuingia. Toka hapo aliamini jambo moja, na hakuna padri wala mganga aliyelitoa kichwani mwake: anayemsogelea, anakufa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akikaa nyuma peke yake kwa hiari yake. Mwaka 1951 alifunga ndoa na marehemu Fransis Mkwera, dereva wa lori, mtu wa maneno mengi, aliyemwambia, "Mie nimeshachanjwa, mke wangu, ndui itaniona wapi!" Mwaka 1963 walihamia Buguruni, Mama akauza vitumbua sokoni. Hakumpa mtu mkononi hata siku moja. "Weka hela hapo, chukua hapo." Wahuni wa sokoni wakambatiza Mama Weka-Hapo, naye akacheka kidogo, akaendelea kugeuza vitumbua vyake.

Baba alipofariki kwa ajali mwaka 1988, Mama alisema tu, "Si niliwaambia?"

Mwaka 1990 alihamia Chanika. Siku hizo kila mwenye dirisha la barabarani alikuwa akilifanya duka. Yeye la kwake alilipigilia mbao. Majirani wakipeleka futari, waliitikiwa toka ndani: "Weka hapo mlangoni, mwanangu. Nenda." Watu wakachukia. Huyu bibi anaringa, wakasema, na mengine mabaya zaidi, maana walimsikia akiongea na mtu mle ndani. Hata bintiye Recho, aliyekuwa akitoka Temeke kila Jumapili, alisikia.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mwenzangu wa kule kibandani. Yeye hafi tena."

Recho alilia njia nzima. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba mama yake atafia mle ndani peke yake, na mlango umefungwa.

Juni mwaka huu miguu ya Mama ilianza kuvimba. Madaktari walisema moyo umechoka, wakamruhusu arudi nyumbani. Hata Recho alizuiwa kuvuka kizingiti cha chumba. Ndipo akaja jirani, Bi Mwanaasha Mbwana, na bakuli la uji.

"Weka hapo."

"Siweki, Mama Recho. Uji wangu haunywewi mlangoni."

Akaingia, akakaa kitandani, akamshika mkono. Mama akapiga kelele. "Toka! Utakufa!"

"Nitakufa, shoga'angu, ila si leo. Leo nina nguo kambani."

Kesho yake Mama alikuwa macho mapema, akisubiri habari ya msiba. Mwanaasha akapiga hodi. Jamani, Mama alivyolia! Siku zilizofuata alimruhusu Recho naye aingie, na tangu utoto wake Recho hakuwahi kukumbatiwa hivyo.

Jumatatu, Septemba 9, saa nne asubuhi, Mama aliuliza, "Mnakaa?" Wakamjibu, "Tunakaa." Akafariki, mkono mmoja ukiwa kwa Recho, wa pili kwa Mwanaasha.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu watatu, na shoga yake Bi Mwanaasha, ambaye yupo hapa mbele yenu, mzima wa afya.

Wakati wa kuaga, familia inaomba msisimame mbali. Sogeeni, mguseni. Apumzike kwa amani, safari hii akiwa na watu.