Chai Haibatizi

Pale Boito, mbele ya duka lenye milango ya kijani, kulikuwa na benchi moja refu la mbao. Ukitaka kujua ni nani mjinga katika dunia hii, ulihitaji tu kukaa hapo saa kumi na moja jioni ukasikiliza, kwa maana kila mtu ambaye hakuwa amekaa hapo alitajwa. Tulikuwa wanne. Sote tulichuma majani ya chai kwenye shamba la kampuni, na kwa sababu hiyo hakuna aliyetaka kuiona chai baada ya kazi. Tulikunywa kahawa ya Bonareri, mama muuza kahawa wa hapo dukani, aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe, akaichemsha kwenye birika jeusi kando ya benchi. Alexander tulimwita Askofu. Alikaa seminari miaka miwili kabla ya kurudishwa nyumbani, na Kilatini kilichombakia kichwani alikitumia kututisha. Nyamwange, kwa sababu ni Msabato, tulimwita Jumamosi. Kipsang alikuwa Koplo tangu jeshi la Mwingereza. Alikuwa na wake wawili na hakuwa na kanisa hata moja. Wa nne ni mimi, Ogari, Mkatoliki wa kukaa nyuma karibu na mlango. Jioni ninayoisimulia ni ya Alhamisi, mwaka wa sabini na moja, siku mbili baada ya Obiero kufa.

Obiero alikuwa mchumaji mwenzetu. Alikufa hivi. Jumanne saa nane mchana mvua ya mawe ilitukuta katikati ya shamba, tukakimbilia kibanda cha kupimia majani. Yeye alikuwa wa mwisho. Alipofika chini ya mkalitusi ulio ukingoni, radi iliupiga, na tawi nene kama gogo likamwangukia kifuani. Mawe yalikuwa yanapiga mabati ya kibanda mpaka husikii mwenzako akikupigia kelele sikioni. Hakuna mwanamume aliyetoka. Aliyetoka ni Yunia, mama mmoja wa watoto watano, kikapu chake cha majani amekifunika kichwani. Tulimwona akipiga magoti. Tulimwona akichomoa chupa yake ya strungi, ile chai isiyo na maziwa ambayo wanawake hubeba shambani, akaiinamisha juu ya uso wa Obiero. Halafu midomo yake ikacheza, na mkono wake ukafanya msalaba hewani. Mvua ilipokatika tukaenda, watu wanane, tukainua tawi. Alikuwa ameshakata roho.

“Nimembatiza,” Yunia alisema.

Hakusema lingine, na sisi hatukumwuliza. Tulikuwa na benchi la kulizungumzia jambo hilo.

— Chai haibatizi, alisema Askofu, akipuliza kahawa yake. Kanisa iko na sheria. Maji! Si soda, si maziwa, si strungi. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua.

— Na hata hayo maji mnayonyunyizia watu kama mnamwagilia mboga za sukuma, hiyo nayo ni ubatizo? aliuliza Jumamosi. Mtu anatakiwa kuzama mtoni, azame mzima, na si siku ya Jumanne.

— Kwa hivyo Yunia angembeba Obiero na tawi lake mpaka mto Itare?

— Angojee mvua iishe, aombe mchungaji.

— Huyo mtu alikuwa anakufa, Jumamosi.

— Kufa si sababu ya kuharibu mambo ya Mungu.

Koplo alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye suruali yake ya kaki.

— Nyinyi mnanichekesha, alisema. Huyo alichukuliwa na Ilat, yule wa radi. Ilat akishachukua mtu, hakuna padri wala mchungaji wa kumfuata. Sasa mnagombania maiti ambayo ina mwenyewe tayari.

— Wewe mwenye wake wawili nyamaza, Askofu alimwambia. Mambo ya Kanisa hayakuhusu. Kanisa ndiyo iko na funguo za mbinguni. Petro alipewa funguo, akampa Papa, Papa akampa askofu, askofu akampa Fatha. Sasa niambie, Yunia alipewa funguo na nani? Na nyapara?

Hapo tulicheka sote, na mimi nilicheka. Tangu Jumatano tulikuwa tumempa Yunia jina jipya, Fatha Yunia. Asubuhi hiyo, alipopita na kikapu, mtu mmoja kwenye mstari alimpigia goti. Yunia aliinamisha kichwa akaendelea kuchuma. Jioni hakuja dukani kununua chumvi kama kawaida yake. Alimtuma jirani.

— Kama strungi inabatiza, alisema Jumamosi, basi kiwanda chote ni kanisa na meneja ni Papa.

— Na wale Wazungu wanaokunywa chai yetu huko Ulaya, nikaongeza mimi, wamebatizwa ndani kwa ndani.

— Na ile ya maziwa? Koplo aliuliza. Ile ya maziwa na sukari inaweza hata kufungisha ndoa.

Bonareri hakucheka. Alisonga kuni motoni.

— Obiero alisoma katekisimu miaka minne, alisema bila kutuangalia.

Hiyo ilikuwa kweli, na kila mmoja wetu aliijua. Miaka minne Obiero alikuwa akienda darasa la wakatekumeni, wale wanaongoja kubatizwa Pasaka, na kila Pasaka katekista Kipchirchir alilikata jina lake kwa sababu ya Jumapili alizokosa. Alizikosa kwa sababu majani yakizidi wakati wa mvua, kampuni inachumisha hata Jumapili. Alirudi darasani na vijana wa miaka kumi na mbili, akaanza tena swali la kwanza: Nani amekuumba? Sisi tulikuwa tunamwuliza swali hilo hapo kwenye benchi, kila jioni, kwa sauti ya Kipchirchir.

Kipchirchir mwenyewe alifika wakati huo, akisukuma baiskeli. Hakukaa.

— Alexander, nina shida, alisema. Kesho lori ya kampuni inatoa mwili hospitali kuupeleka Kisii. Yunia amekuja kwangu analia. Anataka upitishwe kanisani, uombewe kama mwili wa Mkristo. Fatha yuko Mulot, sijui atarudi saa ngapi. Wewe umesoma. Nifungue kanisa au nisifungue?

Nilimwona Askofu akikaa wima. Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumwuliza kitu kwa dhati.

— Usifungue, alisema. Ubatizo bila maji ni bure. Mwenye kufa bila ubatizo ni mpagani. Ukimwingiza kanisani, Fatha atakuuliza wewe, hatamwuliza Yunia.

— Na kama alitamani? Kwenye kitabu wanasema mtu akitamani kwa moyo...

— Kutamani! Hata mimi natamani kuwa kadinali.

Kipchirchir alitingisha kichwa, akashukuru, akageuza baiskeli. Jambo likawa limekwisha hivyo. Jumamosi alisema hata kwa Wasabato uamuzi ungekuwa huo huo, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima akakubaliana na Askofu.

Basi la kutoka Sotik liliposimama, alishuka mama mmoja mzee, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani na rozari mkononi. Aliangalia huku na huku, kisha akaja moja kwa moja kwenye benchi.

— Wanangu, hamjambo. Mimi naitwa Drusilla. Natafuta watu waliofanya kazi na kijana yangu, Obiero.

Tulisimama sote wanne. Bonareri alimwongelesha Kikisii, akamletea kigoda, akampa kahawa. Mama aliishika kwa mikono miwili bila kuinywa.

— Huko kwetu tumesikia alibatizwa, alisema. Dereva wa lori alituletea habari. Ni kweli?

Mtu mwingine angenyamaza. Askofu hakujaliwa kipawa hicho.

— Mama, pole sana, alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, hilo silikatai. Lakini ni vizuri ujue ukweli kabla ya kesho. Huyo mwanamke alitumia chai. Kanisa haikubali chai. Kwa hivyo kijana wako hakubatizwa, na katekista hatafungua kanisa.

Mama aliweka kikombe chini kwenye nyasi.

— Alitumia chai kwa nini?

— Ndiyo alikuwa nayo.

— Alisema hivyo yeye?

— Tuliona chupa, mama.

— Ndiyo, mliona chupa. Lakini mlipomwuliza, alisemaje?

Askofu alimtazama Jumamosi. Jumamosi alinitazama mimi. Koplo alianza kupangusa suruali yake palepale alipokwisha pangusa.

— Hamkumwuliza, alisema mama. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa desturi ya ugenini.

Bonareri aliacha birika motoni, akavuka barabara kuelekea nyumba za wafanyakazi. Alirudi na Yunia. Yunia alikuwa na alama nyeusi za mvua ya mawe mikononi na begani, kubwa kama mayai ya kwale. Nilikuwa nimefanya kazi mstari mmoja naye siku mbili na sikuziona. Alimpigia mama goti, wakashikana, wakalia kidogo, kisha Yunia akakaa chini kwenye nyasi karibu na kigoda.

— Nieleze, mwanangu, alisema mama.

— Nilimkuta anaongea, alisema Yunia. Aliniambia ana kiu. Nikampa strungi, akameza kidogo. Halafu akaniambia, Yunia, mimi sitafika Pasaka. Nibatize wewe. Nikamwambia mimi siwezi, mimi ni mwanamke wa kuchuma chai. Akaniambia, Kipchirchir alitufundisha, mtu akiwa anakufa, mtu yeyote anaweza. Swali hilo alikuwa analijua vizuri.

— Na ukatumia chai, alisema Askofu.

Yunia alimtazama kwa mshangao. Naamini ilikuwa mara ya kwanza kusikia jambo tulilokuwa tunalichekea.

— Chai ya nini? Chai alikunywa. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka mbinguni, mpaka kikapu kilikuwa kinavuja kama bomba. Nilikinga mikono ikajaa. Nikammwagia kichwani mara tatu.

Askofu alilamba midomo. Hakutaka kuachilia.

— Ulisema maneno gani?

— Simeoni, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Simeoni ndilo jina alilokuwa amelichagua. Alisema huyo mzee wa Injili alingoja sana, lakini aliona.

— Na ulikuwa umekusudia nini, rohoni?

— Mimi sijui mambo ya kukusudia, Alexander. Aliniomba. Nikafanya vile Fatha hufanya.

Nilikuwa simjui Mungu vizuri, lakini nilimjua Alexander, na niliona kwamba jibu hilo lilikuwa ndilo lenyewe, lile lililo kwenye vitabu vyake: kukusudia kufanya vile Kanisa hufanya.

— Alisema kitu kingine? mama aliuliza.

— Alisema baridi. Nikamfunika na aproni yangu. Halafu akasema, mwambie mama ile darasa nimemaliza.

Mama alijifunika uso na kitambaa chake. Alipokitoa, alimshika Yunia kichwani kama anayebariki, kisha akatugeukia sisi. Macho yake hayakuwa na lawama yoyote. Alikuwa mama aliyetaka kupata picha kamili, apeleke nyumbani.

— Na nyinyi wanangu, mlikuwa kwenye hicho kibanda. Kutoka hapo mpaka pale alipoanguka, ni mbali?

Koplo, aliyetusimulia mara mia jinsi alivyovuka mto kule Burma akirushiwa risasi, alikuwa anaangalia viatu vyake.

— Mama, ile mvua, alianza Jumamosi.

— Ndiyo, mwanangu. Ni mbali?

Askofu alikwisha ondoka, kikombe chake kimejaa bado. Tulimwona akiteremka barabara kwa haraka kuelekea kwa Kipchirchir, na sijui mpaka leo kama alienda kuomba kanisa lifunguliwe au kutafuta mahali pa kutuficha uso wake. Bonareri aliwachukua wale wanawake wawili wakalale kwake.

Ijumaa asubuhi Fatha alirudi kutoka Mulot, buti zimejaa matope. Kipchirchir alimweleza yote. Fatha alimwita Yunia, akamwuliza alimwaga nini na alisema nini, basi. Halafu akamwambia Kipchirchir afungue mlango mkubwa na alete kitabu cha ubatizo. Kipchirchir aliandika: Simeoni Obiero. Mahali pa jina la aliyebatiza aliandika Yunia. Lori ilipofika, mwili uliingizwa ndani, ukawekwa mbele ya altare, na Fatha akausomea sala kwa Kiswahili, polepole, ili mama asikie kila neno. Watu walijaa mpaka nje. Jumamosi alisimama dirishani na kofia mkononi. Koplo alibeba jeneza upande wa kichwa. Askofu sikumwona.

Kabla lori haijaondoka, mama Drusilla aliniomba nimpeleke akaone mahali penyewe. Sikuweza kukataa. Tulipita kati ya michai iliyochanwa na mawe mpaka kibandani, akasimama mlangoni, pale pale niliposimama Jumanne. Nikamwonyesha mkalitusi uliopasuka. Akaanza kutembea kuuelekea, fimbo mkono mmoja, rozari mkono mwingine, na mimi nikimfuata nyuma nikihesabu kimoyomoyo.

Hatua kumi na nne. Za mama mzee.