Maman Védastine na Zamu za Watoto wa Mpakani

Ijumaa hii, tarehe 19 Desemba 2008, Maman Védastine Uwizeye anapumzika kazi baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi: kumi katika ofisi ya akina mama ya kanisa letu kule Bukavu, Congo, na kumi na mitatu hapa Kamembe, Rwanda, kwenye Kituo chetu cha Familia. Sisi wenzake tumeombwa kuandika maneno machache kwa ajili ya programu ya sherehe. Kuandika machache juu ya Maman ni vigumu, lakini Mungu atusaidie.

Alizaliwa Gashonga, akakulia Bukavu, ukimbizini, kwa sababu ambazo wengi wetu hatuhitaji kuelezwa, maana ndizo zetu pia. Aliporudi nchini alikuta kazi inamngoja. Miaka ile ya kwanza hatukuwa na ofisi, tulikuwa na benchi moja chini ya paa la mabati. Mume aliyedhaniwa amekufa Congo anarudi na kukuta mke ana nyumba nyingine. Mama ametoka kambini na watoto wawili, wa tatu yuko kwa bibi Uvira. Maman aliwapokea wote kwa swali lilelile: "Batoto balikula?" Kama hawajala, mambo mengine yalisimama kwanza.

Lakini kazi iliyompa jina ni ile tunayoiita karatasi ya mtoto. Ndoa ikishavunjika, baba na mama wanakaa na Maman mezani na kuandika mtoto atalala wapi, nani atampeleka shule, akiugua nani ataamua, likizo atakuwa wapi, na watapokezana mahali gani. Kisha karatasi inakwenda mahakamani kuthibitishwa. Inasikika kama kitu chepesi. Wengi wanafika wakiwa na wajomba, mashangazi, na hasira ya miaka saba. Maman aliwatoa wajomba nje kwa upole, akaweka katikati ya meza sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga. Alisema haandiki karatasi ya mtoto na muntu mwenye njaa.

Baada ya kula, alikuwa na njia yake ambayo sijaiona kwa mwingine. Alikataza baba kumsema mama, na mama kumsema baba. Kila mmoja alipaswa kusimulia siku ya mtoto, kuanzia kuamka hadi kulala, kwa mdomo wa mtoto mwenyewe. Wanaume walikuwa wanaona haya. Hakuna aliyesamehewa.

Niwasimulie ya Feza tu, kwa sababu wazazi wake wamekubali isimuliwe, na kwa sababu ndiyo iliyobadilisha karatasi zetu zote.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 walikuja Papa Cirhuza, mfanyabiashara wa vitenge wa Kadutu kule Bukavu, mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa, na Benitha, aliyekuwa mke wake, ambaye alikuwa amehamia Mururu, upande huu wa mpaka, kwa mama yake miezi michache tu kabla ya hapo. Binti yao Feza alikuwa na miaka mitano. Ukoo wa baba ulikuwa umeshasema neno lake: mtoto ni wa baba, hakuna cha kuandika. Benitha aliogopa kwamba Feza akivuka mara moja tu, hatarudi tena. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na kila mtu alilijua.

Papa Cirhuza akaambiwa aanze. Alikohoa, akatazama dari, akasema: "Mimi ni Feza. Niko na miaka tano. Ninaamuka, ninakunywa chai. Sipendi sombe."

Benitha aliposikia kisamvu kinakataliwa hakuweza kujizuia. "Sombe? Feza anapenda sombe kuliko nyama! Ni weye ndiye haupendi!"

"Basi na weye uwe Feza, tuone."

"Mimi ni Feza," Benitha akasema, "na mvua ikipiga radi, ninataka Papa, sitaki Maman." Hakuwa amekusudia kusema hivyo, nadhani. Papa Cirhuza akashika sambaza moja mkononi, hakuila.

Siku hiyohiyo karatasi iliandikwa. Feza ataishi na mama, atasoma Mururu. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi, mama atamkabidhi kwa baba kwenye daraja la Rusizi, pale mpakani, naye atakaa Bukavu wiki nzima. Walitia sahihi, tukaomba pamoja, tukamsifu Bwana.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na Maman mwenyewe ametuomba tusilifiche. Mezani pale wote walikuwa watu wa Bukavu: baba, mama, Maman, hata aliyepiga chapa. Kwa mtu aliyekulia Bukavu, Jumamosi asubuhi ni soko na kufua nguo. Hakuna aliyekumbuka kwamba huku kwetu Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, watu wote wako kwenye kazi za jamii, na barabarani hakuna pikipiki wala gari mpaka saa sita.

Siku ilipofika, Benitha alitoka nyumbani amemvalisha Feza gauni la njano. Alikutana na Munyemana, kiongozi wa seli, yaani serikali ya mtaa, mtu mwema asiyejua mzaha siku ya umuganda. Benitha akaonyesha karatasi. Munyemana akasema karatasi ni nzuri sana, na jembe ni hili hapa. Maman Védastine, ambaye nyumba yake ilikuwa Mururu pia, alikuwa tayari ndani ya mtaro uliokuwa ukichimbwa, matope magotini. Alipomwona Benitha na gauni lile la njano, alishika kichwa. "Yesu wangu! Tulifanya nini?"

Kule darajani Papa Cirhuza alisubiri mpaka uvumilivu ukaisha. Kichwani mwake hakuwa na umuganda, alikuwa na maneno ya kaka yake mkubwa: utaona, watamficha. Akavuka, akakosa pikipiki, akapanda kilima kwa miguu huku akiapa kwamba leo anamchukua mtoto moja kwa moja na karatasi ataichoma. Alipofika karibu na mtaro, Munyemana hakumuuliza anatoka nchi gani. Alimpa sepeto.

"Mimi si wa hapa!" Papa Cirhuza akafoka.

"Mtaro nao hauulizi," Munyemana akajibu. "Shuka, Papa, viatu vitapona."

Wanawake wa Mururu walicheka. Mmoja akaita: "Na weye bakukamata, Papa wa Bukavu? Karibu, kuna mawe ya kutosha!" Yeye hakucheka. Alikuwa ameshamwona Benitha.

"Mulinificha mutoto! Minasimama ku daraja tangu asubui kama mwizi, na ninyi muko hapa munachimba!"

"Nani amekuficha mutoto?" Benitha akapaza sauti. "Tazama mikono yangu! Nilikuwa ninakuja, balinifunga barabara!"

Hapo Maman alitoka mtaroni. Hakumtuma mtu, hakutafuta maneno marefu. Alisema mbele ya kijiji kizima: "Papa Cirhuza, uyu mama hana kosa. Ni mimi niliandika siku mbaya. Nilisahau niko inchi gani. Unigombeze mimi."

Feza, ambaye alikuwa anabeba vijiwe vidogo na watoto wengine, alimkimbilia baba yake na gauni lililogeuka rangi ya udongo. Akamwambia aangalie, ule mtaro ni wake yeye Feza. Papa Cirhuza alibaki na sepeto mkononi. Halafu akavua viatu, akavipanga juu ya nyasi, akashuka. Wanaosema alichimba vizuri wanamsifia bure, lakini alichimba.

Kazi ilipokwisha, waliketi palepale kwenye nyasi kuandika upya. Siku ikawa Jumamosi ya kwanza. Na kwa kuwa ameona jinsi barabara moja iliyofungwa asubuhi moja ilivyotaka kumgeuza mama kuwa mwizi, Maman akaongeza maneno haya: "Njia ikifungwa, mtoto abaki alipo. Aliye naye asihesabiwe kuiba, asiye naye asihesabiwe kupoteza. Mtoto asikie sauti ya mzazi wa pili kila inapowezekana. Njia ikifunguka, arudi."

Haikupita miezi mingi, mwezi wa sita vita vikaingia Bukavu, na mpaka ukafungwa. Feza alikuwa kwa baba yake. Ndugu za Benitha walimwambia alie yaishe, mtoto ameshapotea. Maman alimchukua mpaka juu ya kilima, mahali ambapo simu inashika mtandao wa ng'ambo, na sauti ikaja: "Maman, tunalala chini ya kitanda, Papa anakoroma!" Benitha alicheka akilia. Papa Cirhuza akachukua simu, akasema tu: "Iko muzima. Ameisha kula." Alipiga kila mtandao ulipopatikana.

Mpaka ulipofunguliwa, hofu ilikuja upya. Kaka yake Papa Cirhuza alikuwa amemkataza: nani anarudisha mtoto Rwanda baada ya haya? Maman na Benitha walikwenda darajani Jumamosi iliyofuata. Walisimama, mmoja akisali, mwingine ameshindwa hata kusali. Halafu wakamwona mtu mnene anavuka, mtoto mabegani.

"Banasema mimi ni mujinga," Papa Cirhuza alisema akimshusha. "Sawa. Lakini uyu tangu asubui anasema leo ni siku ya maman yake. Ningemujibu nini?"

Maneno yale ya kwenye nyasi sasa yako katika kila karatasi inayotoka kituoni. Familia nyingi za pande mbili za mto zimeishi kwayo, na mahakama haijawahi kuyafuta. Hayo ni mafanikio yake makubwa, ingawa yeye atasema ni ya Munyemana na jembe lake.

Wiki iliyopita wazazi wa Feza walipiga simu, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili walitaka kumleta binti kwenye sherehe hii, na kila mmoja alidai ni zamu yake. Wakamtaka Maman aamue. Kwa mara ya kwanza katika nyumba hii, Maman Védastine alikataa kuamua. "Muulizane wenyewe," akawaambia, "mimi ninastaafu." Tulikaa na wasiwasi siku mbili. Jana Feza mwenyewe alipiga: watakuja wote watatu, Papa atavuka naye mapema, mama yake atawangoja darajani, na atakayemsuka nywele ni shangazi wa Bukavu. Walipatana bila sisi. Maman alipoambiwa, alifunga droo yake, akajifunga kitenge, akaenda nyumbani kabla ya saa za kazi kwisha.

Maman, asante kwa meza yako, kwa sambaza zako, na kwa kuingia mtaroni pamoja nasi. Nenda Gashonga ukalime maharage yako kwa amani. Bwana akulinde utokapo na uingiapo, na maisha yaliyobaki yawe mema, marefu, yenye wageni wengi. Sisi tutaendelea.

Kwa niaba ya wenzako wa Kituo,
Primitive Umutoni