Ndugu wa Ng'ambo wa Donna Ermelinda

Padri wetu, majirani wa uwanjani, na ninyi wageni mlioketi kule nyuma karibu na mlango, mimi ni Nunzio Sgarlata, mtoto wa kaka yake marehemu, nimetumwa na familia nisome maisha yake, na dada yangu Agata ameniambia asubuhi hii, "Usome yote, Nunzio, ukiruka kitu nitasimama nikisome mimi."

Donna Ermelinda Sgarlata alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Grammichele, katika jumba letu linalotazama uwanja wa pembe sita, akiwa mtoto wa mwisho wa Baroni Ottavio, akasoma kwa masista wa Caltagirone hadi mwaka 1954, kisha, badala ya kukaa kibarazani kungoja mchumba kama baba yake alivyotaka, akaenda kufundisha shule ya msingi ya hapa mjini hadi alipostaafu mwaka 1991, na nusu yenu mlioko humu amewavuta masikio, msijifanye mmesahau.

Tarehe 3 Juni 1962 alifunga ndoa katika kanisa hili na Mwalimu Gaspare Intelisano, Mungu hakuwajalia mtoto, na Gaspare alipotutoka mwaka 1998 shangazi akabaki peke yake katika jumba lile, kila sikukuu akiwaandalia sahani ndugu zetu waliohamia Ubelgiji, Argentina na Australia, ambao hakuna hata mmoja aliyerudi kumsalimia, naye akisema, "Watakuja tu, waende wapi?"

Mwaka 2019 paa lilianza kuvuja, mimi na Agata tukageuza vyumba vya juu kuwa hoteli, na kwa kuwa shangazi alikwisha kuapa kwamba hakuna mtu atakayelipa ili alale katika nyumba ya baba yake, na macho yake yalikuwa yamefifia, mimi, si Agata, nilimwambia kwamba wale watu wenye masanduku ni ndugu zetu wa ng'ambo wamerudi kututembelea, Mungu anisamehe. Lo, alivyofurahi! Aliwashika mashavu, akawabusu, akawauliza hali za mama zao, wao wasielewe neno wakadhani ndiyo huduma ya hoteli, nanyi majirani mlijua, mkawa mnaniita mkahawani, "Nunzio, leo Donna Ermelinda kapata binamu Mjapani!", tukacheka sote, na mimi nilicheka kuliko ninyi. Siku moja aliniuliza mbona ndugu hawakai hata Jumapili ipite, kwani amewaudhi nini, nikamjibu kwamba ni kazi tu, shangazi, basi kesho yake akawapikia tambi na nyama ya nguruwe mara mbili ya kawaida.

Tarehe 10 Februari mwaka huu wa 2024, wiki ya ngoma za kanivali kabla ya Kwaresima, nilipokea wageni wengi kuliko vyumba nilivyo navyo, akaja mtu na mkewe mjamzito kutoka Uholanzi, nikawaambia hakuna nafasi, shangazi akanisikia akiwa kwenye ngazi, akanikaripia mbele yao, "We Nunzio, una adabu wewe? Mwenye mimba, damu yetu, umrudishe barabarani na baridi hii?" akawapeleka chumbani kwake, nami nikashukuru kwamba balaa limeniondokea, nikaenda zangu kwenye ngoma bila kumuuliza yeye atalala wapi. Asubuhi mpishi wetu Sarina alimkuta kwenye ukumbi wa marumaru, amekaa kitini, amejifunika koti la marehemu mumewe, anatetemeka, akimwashiria Sarina asipige kelele, wageni wamelala.

Ilikuwa nimonia. Wodini nilikusudia kumwambia ukweli, naapa, nikafungua mdomo, akaniwahi, "Unaona, Nunzio, wewe hukuamini, lakini wamekuja," nikaufunga, na alfajiri ya tarehe 24 Februari akatutoka, akiwa na miaka themanini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Caltagirone, walimu wenzake, majirani waliotuletea chakula, na Sarina, ambaye hadi leo hasemi nami, na ana haki.

Benchi hili la ndugu lina watu watatu tu, Agata, mumewe na mimi, kwa hiyo ninyi mlioko mlangoni, mliosafiri tena kutoka Uholanzi baada ya kusikia, njooni mbele mkae hapa, mama, taratibu na tumbo hilo, yeye alikwisha kuwahesabu kuwa wake na mimi sina uso wa kumpinga.

Pumzika, Shangazi, hapo ulipolala ni pako, usimpishe mtu.