Aliyemsemea Fulvio

Tramu ilijaa maua kuliko abiria, maana Roma nzima ilikuwa inamzika Fulvio Santarcangeli, yule mwigizaji wa filamu za zamani. Mbele yangu mzee mmoja alimgeukia mama aliyeketi naye, mwenye kitambaa cheusi cha ujane, ingawa hawakujuana.

"Sura nzuri wengi wanazo, mama. Lakini ile sauti! Akisema tu 'nisubiri,' mke wangu analia mpaka leso inalowa."

"Sauti haikuwa yake," mama akasema huku akimenya chungwa. "Fulvio alikuwa na kisauti cha mbuzi. Wakishapiga filamu, walimwita mume wangu studio amsemee, sauti yake iwekwe juu ya midomo ya Fulvio. Filamu zote."

"Acha hizo! Kila mjane wa Roma ana hadithi yake na Fulvio."

"Basi hadithi hiyo ndiyo iliyonioa. Nyumbani sauti hiyo ilikuwa ikiuliza chumvi iko wapi."

Mzee alicheka, kisha akakasirika. Wanaume wa hapa ukiwagusia nyota wao, utadhani umewatukania mama. "Kama ni kweli, mbona hatukusikia huyo mumeo alipokufa?"

"Nilimzika mwaka jana," mama akajibu, "na tramu haikujaa hivi."

Tramu ikasimama mbele ya kanisa, watu wakamiminika nje. Mama hakushuka. Mzee naye alibaki kaketi, maua mapajani.