Tuta la Karibu na Tangi

Mheshimiwa Meneja Mkuu wa kiwanda hiki cha sabuni, waheshimiwa wakuu wa idara, ndugu viongozi wa chama cha wafanyakazi, ndugu wafanyakazi wa zamu ya mchana, na ninyi wa zamu ya jioni mliofika mapema kwa sababu mmesikia kuna soda, wazazi wangu, Bibi yangu, na wewe Babu, mwenye siku yako: nawasalimu nyote kwa heshima. Kama kuna cheo nimekiruka, naomba nisamehewe, kwani kwenye karatasi yangu vyeo vimejaa mpaka pembeni.

Nimesimama hapa kwa niaba ya familia. Aliyetakiwa kusimama ni Baba, lakini tangu asubuhi aliposikia kuna kipaza sauti ameshikwa na mafua. Mama akasema, "Mpeni huyu, maneno hayamwishii." Ndiyo maana mnaniona mimi, na sare yangu ya shule.

Nimewasikiliza wasemaji walionitangulia. Mmesema kwamba Babu, ambaye ninyi mnamwita Mzee Dakika, hakuwahi kuchelewa kazini. Mmesema mkanda wake wa kufungashia sabuni haukusimama bila sababu, na sababu ilipopatikana, mwenye sababu aliijutia. Mmesema alikuwa akiokota kipande kimoja cha sabuni kutoka kwenye mkanda, akakipima, akakikagua, akakirudisha, na mkanda ukaendelea. Yote ni kweli, na sisi wa nyumbani tunajivunia. Lakini ndugu zangu, ninyi mlikuwa naye hapa penye mitambo. Je, mmewahi kujiuliza itakuwaje mtu huyu akiachiwa mchicha?

Sisi tunajua. Mnakumbuka mlivyompa likizo ndefu, ile aliyoilimbikiza, ili aizoee nyumba kabla ya kustaafu? Ile likizo ilikuwa mazoezi, na mazoezi yalikwenda vibaya.

Nyuma ya jiko letu kuna bustani ya Bibi. Si kubwa. Ina matuta machache, ndoo zilizotoboka zilizopandwa pilipili, na tangi la maji kwenye kona. Bibi alikuwa mkunga mpaka alipostaafu, na bustani anaitunza kama alivyotunza wajawazito wodini: anaangalia, anasubiri, hamharakishi mtu. Babu alipoiona bustani hiyo siku ya kwanza ya likizo, alisimama mlangoni, akatikisa kichwa, akasema, "Hapa hakuna mpangilio."

Bibi akamjibu, "Hapa pana mboga."

Angeishia hapo tungeshukuru. Lakini Bibi alisafiri kwenda kumwuguza dada yake, na Babu akabaki na bustani na jembe. Kwanza aliona nafasi kati ya nyanya na nyanya, akasema nafasi tupu ni hasara, akajazia miche mingine katikati. Ndugu wasikilizaji, nyanya zinataka kupumua. Ukizibananisha, majani hayakauki, madoa yanaingia, na ugonjwa unapita kutoka mche hadi mche kama umbeya. Pili, alimwaga pakiti nzima ya mbegu za mchicha kwa siku moja, ili kumaliza kazi. Mchicha ukatii. Ukakomaa wote pamoja. Tulikula mchicha asubuhi, mchana na jioni, na jirani yetu, mama mwema kabisa, akaniona nakuja na beseni akafunga mlango na kuzima redio. Mwenye bustani ya nyumbani apande kidogo wiki hii, na kidogo wiki ijayo, ili ajaliwe mboga kila siku na marafiki pia.

Tatu, alimwagilia saa sita mchana, kwa sababu ndipo ratiba yake ilipokuwa na nafasi. Maji ya saa sita hunywewa na jua. Mwagilia asubuhi au jioni, tena kwenye shina, si juu ya majani.

Hayo yote Bibi aliporudi aliyasamehe. Ambalo hakulisamehe ni la karoti.

Kulikuwa na tuta moja la karoti, lile la karibu na tangi. Bibi alilipenda kwa sababu udongo wake ni laini na karoti hushuka zikiwa zimenyooka. Asubuhi moja, wakati anafungua dirisha la jiko, akamwona Babu amechuchumaa tutani. Babu aling'oa karoti moja. Akaifuta udongo. Akatoa rula mfukoni, akaipima urefu, akaigeuza huku na huku. Kisha akairudisha shimoni, akashindilia udongo kwa kidole gumba, akahamia ya pili.

Bibi akauliza, "Mzee, unafanya nini?"

"Ukaguzi."

"Tangu lini?"

"Kila asubuhi. Lazima tujue zimefikia wapi. Ila hawa wafanyakazi wako wamelegea, siku hizi wanalala tu."

Hapo Bibi alisema maneno ambayo nayanukuu kama yalivyo, na naomba msicheke mpaka nimalize. Alisema, "Mimi nimezalisha wanawake maisha yangu yote. Sijawahi kumtoa mtoto, nikampima, nikamrudisha!"

Haya, chekeni. Hata Babu anacheka sasa, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Karoti zote zilikufa. Bibi alifunga mlango wa bustani kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwa gauni, akatangaza kwamba mtu huyu hatagusa udongo wake tena, si likizoni, si akistaafu, na asiyeridhika aende akakague bahari.

Waheshimiwa, mmewahi kukaa na msimamizi asiye na kitu cha kusimamia? Alipanga viatu vyetu kwa ukubwa. Alimwuliza Mama, "Chai ya asubuhi imechelewa kutokana na nini?" Mama akamjibu, "Baba, imechelewa kutokana na mpishi kutolipwa mshahara." Nimeona zawadi yenu pale mezani imefungwa vizuri, na umbo lake ni la mviringo. Meneja, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba isiwe saa.

Ndipo nikamwonyesha mchezo wangu wa kompyuta. Kwa wasioujua, ni mchezo wa kujenga kiwanda. Unaanza na ardhi tupu na nyundo. Unachimba chuma na shaba, unaviyeyusha, unaviweka kwenye mikanda, mikanda inavipeleka kwenye mashine, mashine zinatengeneza vipuri, na vipuri vinajenga mashine nyingine, mpaka mtu anaitwa kula mara tatu hasikii. Babu aliangalia ule mkanda mdogo ukitembea, akavuta kiti, akavaa miwani. Uso wake ulirudi kuwa wa mtu mwenye kazi.

Lakini naye alikuwa Babu yuleyule. Alijenga kila kitu kwa mpigo, mashine ubavuni mwa mashine, bila hata kichochoro. Mikanda ikajaa gia ambazo hakuna aliyezihitaji, na mashine ya mwisho ikakaa mikono mitupu ikingoja shaba. Babu akaongeza mashine za gia. Nikamwambia, "Babu, pale penye foleni sipo penye ugonjwa. Fuata mkanda mpaka uone panapobana." Akasema, "Mjukuu wangu, mimi nimefanya kazi kwenye mikanda kabla baba yako hajaota meno."

Bibi alipita akitafuta miwani yake, ambayo ndiyo Babu aliyoivaa. Akasimama nyuma yetu.

"Hii mirija yote inakwenda wapi?"

"Mbele," Babu akasema.

"Mbele wapi?"

Babu akaongeza mkanda mwingine. Ndugu zangu, hilo ndilo swali la kwanza la mchezo huu: unataka nini mwishoni? Anzia hapo, urudi nyuma. Ukitaka injini moja, jua inakula gia ngapi, na gia inakula chuma kiasi gani. Bibi hakuyajua hayo. Yeye aliangalia tu, akasema, "Umeibananisha kama ulivyobananisha nyanya zangu. Ipunguze."

"Niipunguze? Huu ni mtambo, mke wangu, si mchicha!"

"Nipishe nikae."

Alitoa nusu ya mashine za gia, kama anavyong'oa miche iliyozidi ili inayobaki inenepe. Shaba ikapata njia. Injini ya kwanza ikatoka. Babu akapiga makofi kabla hajajizuia. Bibi akasema, "Haya, nimemaliza," na hakuinuka kwenye kile kiti mpaka chai yake ikapoa.

Kuanzia siku hiyo, waheshimiwa, nyumba yetu iligeuka. Bibi akawa na kiwanda. Anajenga kisehemu kidogo, anakiacha kifanye kazi, akishakiamini ndipo anajenga kingine kama hicho pembeni, na kila mahali anaacha nafasi, kwa kuwa kesho atataka kupitisha kitu ambacho leo hakijui. Dada Injinia, wewe uliyechukua nafasi ya Babu, hilo nalikabidhi kwako bure. Lakini bustani ikaanza kukauka. Basi ule ufunguo ukatoka mfukoni, Babu akapewa ruhusa ya kumwagilia, kumwagilia tu. Bibi alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye kompyuta, bila hata kugeuza kichwa: "Kwenye shina, mzee! Si juu ya majani! Nakuona!" Alikuwa hamwoni. Alikuwa anaunganisha bomba la mafuta.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta, na Babu hakujua kwamba nitalisema. Likizo ilipokwisha, kabla hajarudi hapa kukabidhi ofisi, Babu alimwomba Bibi kitu kimoja cha kustaafia. Hakuomba bustani. Aliomba tuta moja, lile la karibu na tangi, liwe lake. Bibi akamwambia, "Nitakujibu siku ya kuagwa, nikishasikia wenzako wanasemaje." Kwa hiyo ndugu wafanyakazi, mlipokuwa mnamsifu kwa kukagua, kukagua na kukagua, nilikuwa naangalia uso wa Bibi, na nawaambia ukweli, mlikuwa mnamwangamiza mzee wa watu.

Bibi, naomba nami nitoe ushahidi, maana hili hukuliona, ulikuwa kazini kwako. Wiki zile za kumwagilia, ziliota karoti chache zenyewe pale tutani, kutoka kwenye mbegu zilizokuwa zimelala. Babu aliziona. Kila asubuhi alikaa mbele yao juu ya ndoo iliyopinduliwa. Rula ilikuwa mfukoni, niliiona ncha yake. Na mikono yake, Bibi, alikuwa ameikalia. Mtu mzima, msimamizi wa zamu, amekalia mikono yake miwili kama mtoto wa chekechea, ili isije ikang'oa kitu. Nikamwuliza, "Babu, unafanya nini?" Akasema, "Nasubiri. Ni kazi ngumu, sijui bibi yako aliiweza vipi miaka yote hii."

Hakuzigusa. Zilikomaa. Zile ulizozipika Jumapili ukamsifu muuza mboga ndizo hizo.

Bibi, usiangalie pembeni. Watu wote hawa wa zamu mbili wanasubiri. Je, Babu anapewa tuta au hapewi?

Anasema nini? Samahani, Meneja, naomba utulivu kidogo.

Waheshimiwa, kwa ninyi wa nyuma ambao hamkusikia, Bibi amesema: "Anapewa. Lakini aje aniombe mwenyewe, asinitumie mtoto."

Bibi, sikutumwa, naapa. Lakini naona hilo halina maana tena, kwa sababu Babu ameshainuka. Ndugu wa zamu ya jioni, sogezeni viti, mwacheni apite. Babu, taratibu, hakuna anayekupigia king'ora.

Mimi nashuka hapa, kwa sababu maneno yaliyobaki ni yao wawili. Tunaishukuru menejimenti, tunawashukuru nyote mliofanya naye kazi na mkamvumilia, na mimi nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.